Banda la Wageni Likae Upande wa Chai

Nchi ya chai ya Kericho na Bomet imezungukwa na miji mikubwa. Kutoka Kisumu hadi mjini Kericho ni kama kilomita 80, na kutoka Nakuru, ambayo ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Desemba 2021, ni zaidi kidogo ya kilomita 100. Mfanyakazi anayefunga ofisi Ijumaa jioni anaweza kufika kabla ya usiku kuingia sana, akalala kwenye banda la mbao, na asubuhi akaamshwa na milio ya mbega. Hamu hiyo ni njema na inastahili kuhudumiwa. Swali langu ni moja: banda lenyewe lisimame wapi? Wawekezaji wengi na hata baadhi ya wahifadhi wangependa liwe ndani ya msitu, chini ya miti ya asili ya Mau Kusini Magharibi. Naona hilo ni kosa. Banda likae nje, upande wa chai, kwenye shamba la mkulima, na mgeni aingie msituni mchana kwa miguu, akiwa na kiongozi.

Sababu ya kwanza ni mvua. Mchana, upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda miteremko hii ya magharibi ukakutana na pepo za mashariki, na ndiyo maana asubuhi ya Kericho huwa angavu, saa nane ikifika mawingu yamefunga, na mara nyingi saa kumi mvua inapiga mabati. Kwa mwaka hunyesha takriban milimita 2,000, na eneo hili linajulikana duniani kwa mvua ya mawe, ile inayochana majani ya chai na kumwachia mkulima matawi matupu. Mashamba mengi yako mita 2,000 juu ya usawa wa bahari au zaidi, kwa hiyo usiku ni baridi ya kweli. Hema halifai hapa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Inatakiwa nyumba: sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo ili mbao zisioze, paa la mwinuko mkali, upenu mpana wa kutosha mtu kuanika koti, na jiko la kuni lenye bomba la kutoa moshi. Bomba hilo si anasa. Mgeni anayesikia baridi akaingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha anajiletea hewa yenye sumu isiyo na harufu, na anaweza asiamke. Mwenye banda asiyeweka jiko salama hana budi kuwapa wageni blanketi za kutosha na kukataza makaa ndani bila kubembeleza.

Sasa ihamishie nyumba hiyo kilomita tatu ndani ya msitu. Mbao, mabati na saruji vinahitaji barabara, na barabara katika udongo huu wenye mvua hii inahitaji kokoto, mitaro na makalvati, la sivyo itakuwa tope kufikia Aprili. Jiko linataka kuni kila usiku, na mtumishi anayetumwa kuzitafuta hataenda mbali ikiwa kuna saptet, mti wa asili wa msitu huu, iliyoanguka karibu, na akiizoea hatasubiri ianguke. Choo kinachimbwa mahali ambapo vijito vya Kiptiget na Itare vinaanza safari ya kuulisha mto Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya megawati 60 kule Sondu Miriu. Au penye vyanzo vya Nyangores, mto unaopita Bomet mjini, ukaungana na Amala kuwa Mara, ukavuka mpaka kuingia Serengeti na kumwaga maji Ziwa Victoria karibu na Musoma. Kati ya hayo yote, barabara ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Choo kinaweza kujengwa vizuri na kuni zinaweza kununuliwa, lakini njia iliyopitisha gari la wageni Jumamosi itapitisha lori la magogo Jumanne usiku.

Historia ya Mau inatosha kuonyesha kwamba msitu huu huliwa kuanzia kwenye mwanya. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 katika hifadhi, nyingi zikiwa za Mau Mashariki na Mau Kusini Magharibi, na makazi yaliyofuata yalifika hadi kwenye miteremko ya vyanzo vya mito. Kabla ya hapo, mwaka 1986, ulikuwa umeanzishwa mpango wa Nyayo wa kupanda ukanda wa chai kati ya mashamba na msitu. Wazo lake lilikuwa rahisi na bado lina nguvu: chai ni zao la kudumu, halilimwi upya kila msimu, na mtu akiuona mstari ule wa kijani kibichi anajua msitu umeanza. Kuuruka ukanda huo ili kujenga nyuma yake ni kuufuta mpaka ambao watu wa hapa wameuzoea kwa karibu miaka 40.

Wapo watakaojibu kwamba msitu usio na watu ni msitu wa wezi, na kwamba wageni ni macho ya ziada. Hoja hii ina uzito, na Karura jijini Nairobi ndio mfano wake mzuri. Msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa kuutetea mwaka 1999, na ambao kwa miaka mingi watu waliuogopa kwa sababu ya majambazi, leo una uzio, malango ya kulipia na familia nyingi kila wikendi. Ila ukitazama kwa makini, uhai wa Karura unatokana na watu wa mchana. Jioni malango hufungwa. Msitu ulipata ulinzi bila kugeuzwa kuwa hoteli, na Mau ina sababu kubwa zaidi ya kuachiwa usiku wake, kwa kuwa ndani yake wamo ndovu na bongo wa milimani, mnyama ambaye waliobaki porini Kenya yote wanakadiriwa kuwa chini ya 100 na ambaye hukimbia binadamu hata kwa harufu.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni la pesa na haki. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inaruhusu chama cha jamii cha misitu, kile ambacho wengi hukiita CFA, kuingia mkataba na shirika la misitu la Kenya, KFS, na kupewa haki za asali, kuni, malisho, dawa za miti na pia utalii. Mabanda yakiwa kwenye mashamba ya watu binafsi, chama kitapata nini? Kipate ada ya kuingia na malipo ya viongozi, na kila mwenye banda afungwe na mkataba wa kuwapeleka wageni kwa viongozi hao tu. Pesa hizo hazitamfikia kila mtu, hilo nakubali. Lakini mkulima wa ekari moja wa Konoin au Mogogosiek, anayesubiri bonasi mara moja kwa mwaka, atakuwa na kipato cha pili kinachotegemea msitu kubaki umesimama. Kuhusu Waogiek, suala ni jingine kabisa. Mahakama ya Afrika huko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki zao katika Mau zilivunjwa, na mwezi Juni 2022 ikaagiza walipwe fidia. Wao ni wenyeji wenye dai la ardhi ya mababu. Ninapozungumzia wageni wa wikendi siwahesabu wao. Tena itakuwa aibu mwekezaji apewe kibali cha kulaza watalii mahali ambapo Mwogiek alifurushwa.

Na yule anayesema kwamba bila kulala chini ya miti hakuna raha? Perere hulia usiku kwa sauti inayovuka bonde zima, na aliyelala mita 200 kutoka ukingoni ataisikia vizuri, pamoja na ngurumo ya mbega kabla ya jua kuchomoza. Serikali za kaunti za Kericho na Bomet, ambazo ndizo hutoa leseni za biashara, zingeweza kuanza na masharti machache: cheti cha banda kitaje umbali kutoka kwenye mto, chanzo cha kuni kiwe shamba la mikaratusi la mkulima anayejulikana, na jina la chama kinachotoa viongozi libandikwe mlangoni mgeni alisome kabla ya kulipa.