Je, Wajua? Makorongo ya Omani, Nchi ya Jabali na Ramli

Wazee wa pwani waliiita Omani Manga. Wengi wetu tunaijua kwa tende, haluwa na jamaa waliohamia huko, lakini ni wachache wanaoifikiria kama mahali pa kwenda kuzurura likizo. Kama unapanga safari ya jangwa na makorongo, anza hapa.

Je, wajua kwamba ukisimama ukingoni mwa Wadi Ghul, mbele ya miguu yako pana mteremko wa kama mita 1,000 kwenda chini? Korongo hilo limekata ubavu wa Jebel Shams, mlima mrefu kuliko yote Omani, wenye kimo cha takriban mita 3,000. *Jebel* ndilo jabali letu. *Shams* ni jua. Kilele chenyewe ni eneo la jeshi na mgeni hafiki, ila hukosi kitu, maana korongo huonekana vizuri zaidi kutoka kwenye uwanda wa chini yake, karibu na kijiji cha Al Khitaym.

Je, wajua kuwa watu waliwahi kuishi ndani ya ukuta wa korongo hilo? Kutoka Al Khitaym kuna njia ya miguu inayofuata ukingo, mwamba upande mmoja na utupu upande wa pili, hadi magofu ya kijiji cha As Sab. Nyumba za mawe zimejibana chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, na matuta ya mashamba bado yanaonekana. Tenga nusu siku, vaa viatu vinavyoshika, na usimwachie mtoto mkono.

Je, wajua kwamba chokaa ya mlima huo ilitulia chini ya bahari? Ndiyo maana visukuku vya viumbe wa baharini hupatikana juu kabisa, mahali ambapo leo kuna mbuzi na mireteni.

Je, wajua jambo kubwa kuliko hilo? Barabara ya kutoka Maskati kwenda Nizwa hupita kwenye mwanya wa Sumail, kati ya vilima vyeusi na vya kahawia visivyo na hata jani. Watu wengi hupita hapo wakisinzia. Miamba hiyo ni sakafu ya bahari ya kale pamoja na tabaka lililokuwa chini yake, iliyosukumwa juu ya ukingo wa bara makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita. Wanajiolojia husafiri kutoka pande zote za dunia kuigusa, kwa sababu sehemu nyingi kwingineko wangelazimika kuichimbia chini ya bahari. Simamisha gari dakika kumi. Ni bure.

Je, wajua kwamba Omani huendesha magari upande wa kulia wa barabara? Dereva aliyezoea Dar es Salaam, Mombasa au Unguja asianzie milimani. Azoee kwanza kwenye barabara kuu, mchana.

Je, wajua kuwa tarehe 26 Juni 2018 mji wa Quriyat, ulio pwani, ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6? Hata usiku wa manane. Kwa hiyo nenda kati ya Novemba na Machi. Na usidanganyike kwa neno jangwa: usiku wa Januari kule Jebel Shams maji huweza kuganda. Beba sweta nzito.

Je, wajua kwamba mnara mnene wa ngome ya Nizwa ulijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, yule yule aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650? Ulichukua kama miaka 12. Ukiweza, pangia Nizwa asubuhi ya Ijumaa, wakati wa mnada wa mbuzi. Fika mapema sana, kwani jua likipanda kila mtu ameshaondoka na mnyama wake.

Je, wajua kwamba katika nchi hii isiyo na mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, kuna mifereji ya maji ipatayo 3,000 ambayo bado inafanya kazi? Huitwa *falaj*, na kwa wingi *aflaj*. Maji huvutwa na mteremko peke yake, bila pampu, kutoka chini ya mlima au kwenye chemchemi hadi kijijini, mara nyingi kwa handaki la kilomita kadhaa. Yakifika, yana utaratibu: kwanza ya kunywa, kisha ya msikiti na kuoga, mwisho mitende. Kila shamba lina zamu yake, na zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka 2006 UNESCO iliiweka mitano kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mmojawapo, Falaj Daris, uko nje kidogo ya Nizwa. Kwangu mimi hiki ndicho kituo ambacho hakifai kurukwa, hata kama itabidi upunguze picha za korongo. Ukishauelewa falaj, utajua kwa nini kila kijiji kiko pale kilipo.

Je, wajua kuwa huwezi kupanda Jebel Akhdar na gari dogo? Polisi wako kwenye kizuizi karibu na Birkat al Mawz, na gari lisilovutwa na matairi yote manne hurudishwa. Huko juu, karibu Aprili, huchumwa waridi za kutengenezea marashi. Kuanzia Septemba ni komamanga, na ukilisikiliza jina hilo, Manga imo ndani yake.

Je, wajua njia inayopendwa sana na madereva wa milimani? Ni ile ya Wadi Bani Awf. Inaanzia upande wa mji wa Al Hamra, inapanda hadi kama mita 2,000, kisha inaporomoka kaskazini kwa kona kali zinazopita kando ya magenge. Njiani kuna Bilad Sayt, kijiji chenye matuta ya kijani katikati ya mawe matupu. Teremka kwa gia nzito. Ukikanyaga breki muda wote zitapata moto na kukuacha mkono. Anayepanda mpishe. Na usianze njia hii baada ya alasiri.

Je, wajua unapotokea mwisho wa njia hiyo? Karibu na Rustaq, alikozikwa Imamu Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, baada ya mazingiwa yaliyoanza 1696.

Je, wajua kwamba neno letu ramli linatokana na neno la Kiarabu la mchanga? Mpiga ramli alichora alama zake mchangani. Jangwa la Wahiba, ambalo siku hizi huitwa Mchanga wa Sharqiya, lina ramli ya kilomita za mraba kama 12,500. Kabla ya kuingia, punguza upepo wa matairi hadi kama paundi 15 au 18, ili tairi litandae badala ya kuchimba. Mafundi wa pancha wa mji jirani wa Bidiyah watakufanyia. Beba koleo, pampu na maji kuliko unavyodhani, wala usiingie na gari moja pekee. Ukikwama, usikanyage mafuta: shuka, chimba, punguza upepo tena.

Je, wajua kuwa Kiswahili kinaweza kukusaidia? Familia nyingi zilizotoka Zanzibar na mwambao bado zinakizungumza. Salimu kwa heshima kwanza, na usishangae kukaribishwa kahawa na tende kabla ya kuonyeshwa njia.

Je, wajua, mwisho, kwamba hatari kubwa ya nchi hii si kiu? Mvua hunyesha mlimani, mbali, na mwamba haunywi maji. Yote hukimbilia kwenye wadi, yaani mikondo mikavu ya maji, kwa mkupuo. Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu Omani, wakiwamo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari. Kuvuka wadi iliyojaa ni kosa la kisheria. Basi usipige hema kwenye mkondo mkavu, hata kama mchanga wake ni laini. Ukiona wingu zito juu ya mlima, ijapokuwa ulipo wewe jua linawaka, toa gari kwenye wadi na upande palipoinuka. Usingoje kusikia mvumo.