Miaka Ambayo Mvua Haikuandikwa

Kutoka sekta ya Masaka, mashariki mwa Jiji la Kigali, hadi Bugesera ni kuvuka bonde la Mto Nyabarongo tu. Ng'ambo hiyo ndiko Ziwa Cyohoha la Kaskazini lilikokauka mwaka 2000, baada ya ukame mrefu na mashamba kusogea hadi kwenye kingo zake. Mwaka 2016 ukame ukawarudia wakulima wa mashariki, kuanzia Kayonza na Kirehe hadi Nyagatare.

Rwanda si jangwa. Milima ya magharibi hupata zaidi ya milimita 1,400 za mvua kwa mwaka, ilhali nyanda za mashariki mara nyingi hazifiki 1,000. Hata hivyo, mahindi hayauawi na jumla ya mwaka. Yanauawa na wiki mbili au tatu za jua kali katikati ya msimu, yakiwa yanatoa mbelewele. Hewa nayo inazidi kuwa na joto, na kila nyuzi moja ya Selsiasi huiwezesha kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke. Udongo hunyonywa unyevu upesi, kisha mvua ikija huja kwa kishindo, ikaporomoka hadi mtoni kabla ardhi haijainywa.

Anayetaka kutabiri mambo hayo anahitaji kumbukumbu za miaka mingi, na hapo Rwanda ilipata jeraha lisilosemwa sana. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliuvunja mtandao wa vituo vya kupima mvua. Vingi vilibaki bila mtu wa kuvisoma, na pengo hilo likadumu takriban miaka 15.

Wakala wa hali ya hewa, Meteo Rwanda, ukishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, uliliziba pengo hilo kwa msaada wa setilaiti katika mpango uitwao ENACTS. Setilaiti haioni matone. Huangalia ubaridi wa vilele vya mawingu, kwa kuwa mawingu marefu yenye vilele baridi sana ndiyo yanayomwaga mvua nyingi. Lakini milimani hata mawingu mafupi hunyesha, na hapo setilaiti hukosea. Kwa hiyo makadirio yake yalirekebishwa kwa vipimo vya vituo vilivyokuwapo. Leo karibu kila eneo la kilomita chache nchini lina historia ya mvua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mvua za vuli, Umuhindo, zinatabirika kwa kiasi kizuri kwa sababu hufuata joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki. Mwaka 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto lisilo la kawaida, na Afrika Mashariki ikalowa. Mvua za masika, yaani Itumba, ni ngumu zaidi kuzitabiri. Kwa miongo kadhaa zilipungua katika sehemu kubwa ya ukanda huu, huku programu nyingi za kompyuta zikionyesha kwamba zingeongezeka, na wanasayansi bado wanatafuta sababu.

Siku hizi kuna rada Maranyundo, Bugesera, na vituo vinavyotuma takwimu vyenyewe. Hata hivyo vyombo hivi vyote bado husahihishwa kwa maji yaliyopimwa ardhini. Shule au ushirika wowote wenye kipimamvua, Masaka au kwingineko, usikubali siku ipite bila kukisoma na kuandika kilichoonekana, hata kama ni sifuri.