Vita Vilivyopita Kwetu (2): Mlingoti wa Bukoba na Daraja la Kyaka

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia chuma. Tuliona jinsi mababu zetu walivyokiyeyusha Kemondo na Katuruka karibu miaka 2000 iliyopita, na jinsi Abakama, wafalme wetu wa kale, walivyosimamisha enzi zao juu ya jembe na mkuki. Leo tunaingia karne ya 20, tutazame vita viwili vilivyopiganwa katika ardhi ya Kagera: vile vya mwaka 1915 na vile vya 1978.

Vijana wengi hapa Kagondo hudhani historia ya dunia ilitendeka Ulaya, nasi tukaletewa habari zake tu. Sikubaliani nao. Mambo matatu yaliyoiunda dunia ya leo, yaani vita, viongozi na mitambo mipya, yalikutana hapa hapa. Ukiyachunguza utaona jambo moja likijirudia. Kila majeshi yalipofika Kagera, yalikimbilia kwanza kile kinachowaunganisha watu. Mwaka 1915 kilikuwa mlingoti wa simu ya upepo, na mwaka 1978 kilikuwa daraja.

Mstari uliochorwa mbali

Tuanze na mpaka, kwa sababu bila kuujua hatutaelewa vita vyovyote. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Magharibi ya Ziwa Viktoria mpaka ulifuata mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta. Waliouchora hawakuwa wameiona nchi yenyewe. Mto Kagera una mikondo na mabonde yake, lakini mstari ulipita moja kwa moja kaskazini mwa mto, ukaacha kipande kizima cha ardhi ng'ambo kikiwa upande wa Wajerumani. Kipande hicho ndicho sehemu ya Missenyi ya leo. Mwishoni mwa mwaka huohuo Emin Pasha alifika pwani ya ziwa kwa niaba ya Wajerumani, akaanzisha kituo cha Bukoba. Kalamu ya Ulaya ilikuwa imeweka mbegu ya ugomvi ambao ungechukua miaka 88 kuiva.

Stima zatoka Kisumu

Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka Agosti 1914, Waingereza walianza kwa kuwakata Wajerumani masikio. Siku ya kwanza kabisa walikata nyaya zao za simu zilizolazwa chini ya bahari. Siku chache baadaye manowari Astraea ikaipiga Dar es Salaam kwa mizinga, shabaha yake ikiwa kituo cha simu ya upepo. Simu ya upepo ilikuwa kitu kipya duniani: ilipeleka ujumbe hewani bila waya, ikavuka misitu na maziwa kwa dakika chache, safari ambayo tarishi wa miguu angeimaliza kwa majuma. Bara Wajerumani walibaki na vituo Mwanza na Bukoba. Kwa hiyo mji wetu mdogo wa pwani ya ziwa ukawa jicho na sikio la dola lililokuwa Berlin.

Waingereza nao walikuwa na mtambo wao, nao ni reli. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901. Meli kama Winifred na Sybil zilisafirishwa vipande vipande kwa gari moshi, zikaungwa palepale Kisumu na kushushwa majini. Bila reli, ziwa lisingepata stima hizo. Na bila stima, kikosi kisingefika Bukoba.

Juni 1915 kikosi kikaondoka Kisumu chini ya Brigedia Jenerali Stewart. Kilikuwa na Waingereza, Wahindi na askari wa King's African Rifles (KAR), ambao wazee wetu waliwaita Keya. Kilitua kaskazini mwa mji, kikapigana tarehe 22 na 23 milimani na katika migomba. Miongoni mwa wapiganaji alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mzee wa miaka 63. Aliuawa mwanzoni mwa 1917 huko Beho Beho, na pori la akiba lililo kusini mwa nchi likapewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hivyo ardhi ileile imebeba jina la mpiganaji wa vita vyetu vya kwanza, kisha la kiongozi wa vita vyetu vya pili.

Mji ulipotekwa, wahandisi waliulipua mlingoti na mitambo yake. Askari wakaruhusiwa kupora, wakazivamia nyumba na maduka. Kisha wakapanda meli, wakarudi Kisumu. Hawakuuhitaji mji wenyewe. Walirudi kuukalia mwaka mmoja baadaye, Juni 1916, Wajerumani walipokuwa wakiukimbia. Mwananchi wa Bukoba, ambaye hakuwahi kutuma ujumbe hata mmoja kwa mtambo ule, ndiye aliyeachiwa hasara.

Kutoka mstari hadi daraja

Sasa turuke hadi Oktoba 1978. Idi Amin alikuwa ameipindua serikali ya Milton Obote nchini Uganda tarehe 25 Januari 1971, na Obote alikuwa amehifadhiwa na Tanzania. Mwaka 1972 wapiganaji wa Obote walivuka mpaka wakashindwa, na ndege za Amin zikaja kuipiga Bukoba. Uhasama haukuisha. Oktoba 1978 ndege zilirudi tena, na mwisho wa mwezi jeshi la Amin likaingia na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto, eneo la kilometa za mraba zipatazo 1800. Watu waliuawa, wengine walichukuliwa mateka, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, na kiwanda cha sukari kikaporwa. Kisha Amin akatangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda na mpaka wake ni mto. Mstari wa 1890 ulikuwa umemwachia kisingizio.

Mwanzoni mwa Novemba wanajeshi wake walililipua daraja la Kyaka, lililovuka mto huo. Ndege zilikuwa zimejaribu kulibomoa zikalikosa, ndipo baruti ikategwa kwa mkono. Amin aliamini kwamba daraja likianguka mto utamlinda.

Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa. Hotuba ilikuwa fupi, nayo ilisimama juu ya mambo matatu ambayo kila Mtanzania wa umri fulani huyataja hata leo: uwezo, sababu na nia. Nchi ambayo kwa wengi simu ilikuwa ndoto ilikuwa na redio, na sauti ya kiongozi ikafika vijijini kwa lugha moja. Mabasi na malori ya watu binafsi yakakusanywa. Mgambo, polisi, magereza na JKT wakaungana na wanajeshi. Novemba hiyohiyo wahandisi wa jeshi walitandaza daraja la muda juu ya Kagera, na wavamizi wakaondolewa.

Silaha kubwa zilikuwapo pande zote. Jeshi letu lilikuwa na mitambo ya BM-21 ya kurusha makombora mengi kwa mfululizo, ambayo Waganda waliiita Saba Saba. Libya ilimpa Amin askari, ikatuma pia ndege ya Tu-22 kuishambulia Mwanza. Mabomu yake yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Mtambo wa gharama kubwa mikononi mwa mtu asiyeijua nchi haukumfaa kitu. Jeshi letu lilivuka mpaka likaingia Uganda: Masaka ilitekwa Februari 1979, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili.

Bei yake

Ushindi huo ulituumiza. Vita viligharimu dola zipatazo milioni 500, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na bei ya mafuta ilikuwa ikipaa duniani. Wananchi waliombwa wajifunge mkanda kwa miezi 18, lakini dhiki ilidumu miaka mingi. Ukifika Kyaka utaona magofu ya kanisa lililobomolewa katika vita hivyo, kuta zikiwa bado wima. Hapa kwetu Muleba, katika makaburi ya Kaboya, wamelala askari waliokufa wakiipigania ardhi hii.

Funzo ninaloliona ni kwamba mtambo hauchagui upande. Simu ya upepo iliwapa Wajerumani nguvu na papo hapo ikauvutia mji moto. Daraja lilikuwa njia ya mkulima kupeleka kahawa na njia ya vifaru pia. Kilichotofautisha ni kiongozi anayeutumia mtambo kuwakusanya watu na yule anayeutumia kuwatenganisha. Amin alikuwa na ndege nyingi kuliko marafiki ndani ya nchi yake. Nyerere aliwaeleza wananchi sababu za vita kabla ya kuwaomba watoto wao, nao wakawatoa.

Ombi langu kwa walimu wa shule za Muleba, Bukoba na Missenyi ni moja. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65. Wapeni wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee hawa kwa simu walizo nazo mifukoni, wawarekodi kwa Kiswahili na kwa Kihaya, na shule izihifadhi sauti hizo. Ofisi za kata zisaidie. Habari za Berlin, London na Kampala zimeandikwa sana. Za waliovuka mto usiku wakiwa na watoto mgongoni bado zimo vifuani mwao.

Itaendelea. Sehemu ya tatu: kahawa, vyama vya ushirika na siasa za uhuru Buhaya.