Jina la Dawa Lisituponze

Mwezi uliopita, nilipokuwa nikitoka Naivasha kuelekea Nairobi, gari langu lilichemka katika kuupanda mlima wa Mai Mahiu. Hatimaye lilivutwa hadi kwenye gereji moja ya jua kali. Fundi alisubiri injini ipoe, akafungua koki iliyo chini ya rejeta, yakamwagika maji mekundu kwa kutu. Aliponiuliza ni lini nilipobadilisha kulanti, nilimjibu kwa ujuba wa msomi kwamba dawa hiyo ni ya kuzuia maji yasigande, na barabara zetu hazina theluji.

Nakiri kwamba nilipotoshwa na jina. Wazungu waliipa dawa hiyo jina linalotaja kuganda kwa sababu ya baridi kali ya kwao, nasi tukalipokea bila kulipima. Kumbe hapa kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasichemke mapema na chuma kisiliwe na kutu. Jijini Nairobi, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji ya sufuriani huchemka yapata nyuzi 94 za Selsiasi, si 100 kama Mombasa. Kulanti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huongeza nyuzi kadhaa, na kifuniko cha rejeta, kwa kuzuia mvuke usitoke, huongeza nyingine.

Isitoshe, viungo vinavyozuia kutu hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita. Kwa hivyo kulanti kuukuu yafaa imwagwe, mfumo usuuzwe, kisha itiwe mpya ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari, wala si kwa kulinganisha rangi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika. Afadhali yale yasiyo na chumvi ambayo huongezwa kwenye betri. Na kifuniko kisiguswe injini ikiwa moto, maana maji yatamrukia mtu usoni.

Lakini lililonisikitisha zaidi lilitokea nikiwa bado nasubiri. Kijana mmoja alimwaga kulanti ya gari jingine, ikatiririka, ya kijani, hadi kwenye mtaro ambapo watoto walikuwa wakicheza. Mbwa akaja kuiramba. Nilipopiga kelele, kijana alicheka: "Mwalimu, hayo ni maji tu."

La hasha! Kulanti nyingi hutengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Ikishanywewa, mwili huigeuza kuwa asidi zinazoharibu figo. Kiasi kidogo chaweza kumuua mbwa, na mtoto vilevile.

Mimi niliiita dawa ya theluji, kijana akaiita maji. Sote wawili tulikosea, ila kosa langu lingeua injini, lake lingeua mtoto. Mafundi na waikinge kwenye karai, waitie katika mtungi unaofungika na kuuandika "SUMU" kwa herufi kubwa, wala wasiitie kamwe kwenye chupa ya soda. Nazo serikali za kaunti, ambazo hazichoki kuwatoza mafundi hao ada za leseni, ziwatengee mahali pa kuipeleka. Usipoziba ufa utajenga ukuta; lakini uhai wa mtoto haujengwi upya.