Mazoea ya Keriko

Kijiji cha Pwani hakiko baharini. Kiko Njoro, kaunti ya Nakuru, katika Bonde la Ufa, na ndipo ilipo Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, ambako wavulana na wasichana husoma pamoja. Wanafunzi hutoka majumbani asubuhi na kurudi jioni. Wapo waliotembea kilomita 7, kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Hadi mwaka 2019 shule ilikuwa na kompyuta moja tu, na kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58. Karibu theluthi moja yao walikuwa yatima au wa mzazi mmoja.

Mwezi Machi mwaka huo Peter Tabichi, bruda wa Kifransisko aliyefundisha hisabati na fizikia hapo, alikabidhiwa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni 1. Watu walizungumzia sana fedha hizo, na jinsi alivyokuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kwa wasiojiweza. Lakini utajiri wa Keriko ninaouheshimu zaidi ni mazoea yake ya kila siku.

Intaneti ikikosekana, mwalimu aliingia saiba, akahifadhi masomo, kisha akayafungua darasani bila mtandao. Vijana wa klabu ya sayansi walihimizwa kutafuta tatizo la watu wanaowajua, wakalitengenezea kifaa. Huko ndiko kilikotoka chombo cha kuwawezesha wasioona na wasiosikia kupima vitu. Kikundi kingine kilizalisha umeme kwa mimea ya hapohapo kijijini, na kazi hiyo ikatuzwa na chama cha kemia cha Uingereza.

Nchini Kenya maonyesho ya sayansi ya shule ni desturi yenye mizizi. Safari huanzia kaunti ndogo, ikapanda hadi ngazi ya taifa. Wanafunzi husimama kando ya bango lao, majaji wakawauliza: umelijuaje hili, umelipima vipi, na likishindikana utafanyaje? Hapo kukariri hakusaidii. Aliyeunda kitu kwa mikono yake hujibu, na asiyekiunda hubabaika. Kwa mtoto wa shule ya kutwa ya kijijini, kusimama mbele ya wageni na kuitetea kazi yake ni jambo kubwa kuliko kikombe chenyewe. Mwaka 2018 Keriko iliongoza kitaifa miongoni mwa shule za umma.

Kazi ya mikono haikuishia darasani. Njoro hukumbwa na ukame, njaa ikabisha hodi, kwa hiyo Tabichi aliwafundisha wanakijiji kupanda mazao yanayostahimili jua. Ilikuwapo pia klabu ya amani. Nakuru iliumizwa vibaya na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na shuleni walikutana watoto wa makabila 7. Walijadiliana hadharani na kupanda miti pamoja. Ni vigumu kumchukia mwenzako huku mmeshika jembe mnachimba shimo moja.

Mazoea mengine yalimpeleka mwalimu barazani kwa wazazi. Aliwatembelea nyumbani wanafunzi waliokuwa karibu kuacha shule, akawasihi wazazi waliotaka kumwoza binti mapema wamwache asome. Ziara hizo hazikupigiwa makofi, ila naziweka sawa na kifaa chochote kilichoshinda, kwa sababu msichana aliyeolewa hana nafasi ya kusimama mbele ya majaji.

Matokeo yakaonekana. Ndani ya miaka mitatu idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu hadi 400. Mwaka 2017 waliofuzu kujiunga na vyuo ni 16 kati ya 59, na mwaka uliofuata walioingia vyuoni walifika 26. Na wasichana wakawapita wavulana katika mitihani yote 4 ya mwaka ule.