Fuko wa Ukambani na siri ya homoni ubongoni

MKULIMA wa Ukambani anayekuta viazi vyake vimetafunwa kutoka chini ya ardhi hana huruma na fuko. Lakini katika maabara za ng'ambo, fuko asiye na manyoya ni mgeni wa heshima. Watafiti wamemchimbua na kumchunguza kwa miaka mingi maeneo ya Mtito Andei, yaliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi Makueni ilipotengwa mwaka 1992.

Kinachowavutia ni maisha yake. Mnamo 1981, mtaalamu Jennifer Jarvis alieleza kwamba fuko hao huishi mithili ya nyuki. Kundi la makumi, pengine hata karibu 300, huwa na malkia mmoja tu anayezaa na madume wachache wa kumpanda. Waliosalia, wa kike kwa wa kiume, hubaki vibarua. Ovari za vibarua hazikomai, hivyo hutoa estrojeni kidogo mno.

Wengi huihusisha homoni hiyo na hedhi na uzazi pekee. Hata hivyo, huingia pia katika seli za ubongo, ikashikamana na vipokezi vyake na kuamsha jeni. Mnamo 1990, Catherine Woolley na wenzake mjini New York walionyesha jinsi inavyofanya kazi katika ubongo wa panya jike aliyekomaa. Seli za hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, zina vichipukizi vya kupokelea ujumbe. Estrojeni ikishuka, vichipukizi hivyo hupungua kwa takriban asilimia 30 katika saa 24, kisha huchipua tena homoni inapopanda. Madume nao hawakuachwa nje, kwani ubongo hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni.

Kwa fuko, mambo ni ya ajabu zaidi. Mwaka 2007, Melissa Holmes na wenzake nchini Marekani waligundua kwamba fuko wanaozaa wana seli nyingi kuliko vibarua katika sehemu moja ya haipothalamasi. Tofauti ilitokana na cheo, si jinsia. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba estrojeni ndiyo iliyoziongeza.

Ushahidi wa moja kwa moja ulitoka Japani mwaka 2018. Vibarua hula kinyesi cha malkia, na estrojeni iliyomo huwafanya waitikie vilio vya vitoto wasivyovizaa. Malkia, kwa hakika, huajiri yaya kwa kinyesi!

Je, binadamu ameze estrojeni ili asisahau? La. Utafiti mkubwa uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 65 na zaidi waliomeza estrojeni pamoja na projestini walikabiliwa na hatari maradufu ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Baadhi ya wataalamu wanashuku kwamba seli iliyokaa miaka mingi bila homoni hiyo haiipokei tena kama zamani.