Kodi Nafuu kwenye Nyumba Inayouzwa

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utayaona maandishi ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Nyumba inayouzwa kweli mara nyingi haina neno lolote. Mwenyewe ameshawaambia madalali wawili watatu, picha zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wakati anamsubiri mnunuzi haoni sababu ya kuiacha tupu. Anapangisha. Na kwa kuwa anataka hela ya haraka, kodi inashuka kidogo chini ya ile ya jirani.

Dalali atakwambia maji hayakatiki na mwenye nyumba hana maneno. La kuuzwa utalisikia kwingine. Mimi nililisikia gengeni, wiki ya pili baada ya kuhamia, mama wa genge aliponiuliza kama ndiye mimi niliyeinunua ile nyumba.

Tupige hesabu. Unatafuta vyumba viwili na sebule, choo ndani, LUKU yako mwenyewe. Nyumba ya kwanza haiuzwi, kodi 350,000 kwa mwezi. Ya pili, mtaa huohuo, inauzwa, kodi 250,000. Wenye nyumba wote wawili wanataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi. (Bei ni za mfano, weka za mtaa wako.) Gharama ya kuhamia mara ya kwanza naiacha nje, maana utailipa popote uendapo.

Isiyouzwa itakula 2,100,000 za kodi na 350,000 za dalali: jumla 2,450,000. Inayouzwa ni 1,500,000 na 250,000: jumla 1,750,000. Mnunuzi asipotokea ndani ya miezi sita, umebakiwa na 700,000 mfukoni.

Sasa tuseme katokea, na mwezi wa tatu unapoisha unatoka. Umekaa miezi mitatu kwa 750,000, dalali alishachukua 250,000 zake. Kirikuu na vijana wa kupakia, weka 100,000. Unahamia nyumba ya 350,000 kwa miezi mitatu iliyobaki, 1,050,000, na dalali mwingine anachukua 350,000. Jumla ya miezi sita: 2,500,000. Yaani umezidi kwa 50,000 tu kuliko kama ungeanza na ile isiyouzwa.

Lakini hesabu hiyo imechukulia kwamba umerudishiwa kodi ya miezi mitatu ambayo hukuikalia. Usiporudishiwa, ongeza 750,000, na jumla inaruka hadi 3,250,000. Hapo ndipo watu wanapoumia. Nyumba kuuzwa ni usumbufu, na usumbufu wake ni karibu elfu hamsini. Kodi isiyorudi ndiyo hasara yenyewe, na hiyo inategemea karatasi uliyosaini siku ya kwanza.

Wapangaji wengi huamini kwamba nyumba ikiuzwa mkataba wao umekufa. Sivyo. Anayeuza hawezi kuuza zaidi ya alicho nacho. Kama alishakupa haki ya kukaa hadi mwisho wa Desemba, na ameshapokea hela yake, basi mnunuzi ananunua nyumba yenye mpangaji ndani, na anaingia kwenye nafasi ya mwenye nyumba hadi Desemba iishe. Mnunuzi makini analijua hilo, ndiyo maana siku ya kukagua anauliza nani anakaa humu na kodi yake inaisha lini. Kenya wameliandika waziwazi: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inahesabu upangaji usiozidi miaka miwili, na ule wa mwezi kwa mwezi, kuwa haki inayomfunga mnunuzi hata kama haikuandikwa kwenye rejista. Huko, ambako wengi hulipa kila mwezi na kuweka amana, ugomvi huwa juu ya nani airudishe amana, wa zamani au mpya. Kwetu ugomvi ni ile miezi iliyolipwa mbele.

Kwa Tanzania Bara sheria ya kushika ni Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999. Upangaji usiozidi mwaka mmoja unakubalika hata kwa mdomo, ila ukiwa wa mdomo jiandae kubishana juu ya kila kitu. Na pale ambapo hamkutaja mwisho, upangaji unahesabiwa kwa vipindi vya malipo, na notisi haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi hicho: anayelipa kwa mwezi anastahili notisi ya mwezi. Usitafute kinga ya zamani ya udhibiti wa kodi. Sheria ile ilifutwa mwaka 2005. Wala hakuna sheria inayokulazimisha kulipa miezi sita mbele. Hiyo ni desturi, na desturi hujadiliwa.

Kwa hiyo ipo njia ya tatu, ambayo madalali hawaipendi: mwombe mwenye nyumba inayouzwa ulipe mwezi kwa mwezi, hata kama ni kwa kumwongezea. Tuseme anakubali 280,000. Isipouzwa, miezi sita pamoja na udalali ni 1,960,000, bado umeokoa 490,000. Ikiuzwa mwezi wa tatu, jumla yako inafika 2,620,000. Ni 120,000 zaidi ya yule aliyelipa kwa mkupuo na kurudishiwa kila kitu, lakini wewe hukuwa na shilingi hata moja ya kuidai. Kasoro yake ni kwamba notisi ya mwezi ni fupi. Mwenye watoto shule ya jirani hii haimfai. Kijana wa peke yake mwenye godoro, jiko la gesi na begi mbili, nadhani inamfaa kuliko zote.

Ukiamua kulipa miezi sita, mkataba utaje tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha uwe na kifungu cha namna hii: nyumba ikiuzwa, mpangaji ana hiari ya kumaliza muda wake, akikubali kutoka mapema, atapewa notisi ya miezi miwili, kodi ya miezi isiyokaliwa pamoja na gharama za kuhama, na atalipwa kabla ya kukabidhi funguo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye nguvu. Mwenye nyumba akishapokea za mnunuzi, simu yake huanza kuwa na shida ya mtandao. Kabla hajazipokea anataka nyumba iwe tupu, na funguo unazo wewe. Wengi hukosea hapo: wanahama kwanza kwa uungwana, halafu wanaanza kupiga simu.

Angalia pia anayesaini ni nani. Kama ni nyumba ya urithi, asaini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si kaka mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Mkataba upelekwe ukalipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango; kwa 1,500,000 ni 15,000. Mkataba usiolipiwa ushuru huo unaweza kukataliwa kama ushahidi siku unayouhitaji. Muhuri wa serikali ya mtaa si mbaya, ila hauchukui nafasi ya ushuru huo.

Kuna jambo halimo kwenye hesabu, nalo ni wageni. Nyumba inayouzwa hukaguliwa, na wakaguzi hupenda Jumapili asubuhi. Mpangaji ana haki ya kukaa kwa utulivu. Mwenye nyumba akitaka kuingia atoe taarifa na aje kwa saa za kistaarabu. Pangeni siku, mathalani Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, na iandikwe. Niliwahi kumkuta mtu nisiyemjua anapima chumba changu cha kulala kwa futi kamba. Alinisalimia vizuri tu.

Mwenye nyumba akianza visa, kama kufunga maji au kung'oa mlango ili utoke mwenyewe, piga picha, tunza meseji, nenda Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 Baraza hilo halitoi hukumu tena kwenye migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Suluhu ikishindikana, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nyumba moja tu nakwambia uikimbie hata ikiwa kwa nusu bei: ile inayouzwa kwa deni la benki. Kama rehani ilitangulia na benki haikuridhia upangishwe, nafasi yako mbele ya mnunuzi wa mnada ni dhaifu, na mwenye nyumba mwenyewe hana cha kukurudishia. Angekuwa nacho angelipa deni. Kama nyumba ina hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hela. Rehani iliyosajiliwa itaonekana.

Hizo nyingine, mimi ningechukua ile ya 250,000, bila wasiwasi, mwenyewe akishasaini kifungu cha marejesho. Akisema "tuaminiane tu," lipa 350,000 kwa jirani.